Makufuli Mawili na Mwiko wa Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sioni aibu kusema hivyo. Miaka ile ya tisini, nikifanya kazi katika hospitali moja ya misheni Homa Bay, hasira zangu zote zilikuwa za kompyuta moja iliyounganishwa na redio. Ningalikuwa na nguvu za kutosha ningaliitupa ziwani, viboko wakaishughulikie.

Kazi yake ilikuwa kupokezana ujumbe. Zahanati ya Magunga iko nyuma ya milima, redio yake haifiki Migori hata ukiiombea. Kwa hiyo Magunga wakiandika kwamba wameishiwa na dawa ya malaria, maneno yale yalirushwa hewani hadi kwetu, kompyuta yetu ikaangalia orodha ya njia, huu unaenda wapi na upitie kwa nani, kisha ikayatuma Migori kwenye ghala la dawa. Majibu yalirudi vivyo hivyo. Kabla ya hapo kulikuwa na mtu na bahasha, na mvua ikinyesha, mtu na bahasha yake walilala njiani.

Programu yenyewe ilikuwa ya bure, ya kwenye sidii, na yeyote aliruhusiwa kuifungua na kuibadilisha hadi ndani kabisa, kwenye kiini kinachoendesha mashine. Mzungu mmoja wa kujitolea aliyenitangulia alikichokora kiini hicho ili kielewane na redio zetu, akapiga picha za kuaga, akarudi kwao. Aliniachia rundo la karatasi zenye matundu pembeni, kiini chote kimechapishwa. Mimi nilikuwa nimesomea kompyuta Nairobi, nikajiona nimefika. Loo! Wiki ya pili mashine ikanyamaza.

Haikuzimika, sikiliza. Saa kwenye skrini ilitembea, ukibonyeza herufi inatokea. Ila ujumbe hauingii wala hautoki. Unazima, unawasha, inachapa kazi siku tatu, inanyamaza tena, na kila mara ni asubuhi, Magunga wanapoandika kwa wingi. Alhamisi moja ombi lao la dawa lilikaa kwetu kutwa nzima bila mtu kujua. Daktari mkuu akaja kusimama mlangoni pangu.

"Madam," akasema, "wiki ijayo ikinyamaza tena, hata mara moja tu, naing'oa. Turudi kwa bahasha. Na bila hiyo mashine, sina kazi ya kukupa."

Hasira zikanipanda. Nikafunga rundo langu kwa kamba, na Ijumaa nikaenda nalo ukweni, upande wa Osiri, ambako mume wangu alinunua dhahabu kwa wachimbaji. Tulikuwa tumeoana mwaka huo huo. Mimi ni Mkuria, wao Wajaluo, kwa hiyo mimi na mama mkwe tulikutana kwenye Kiswahili, chake kimechanganywa na Kijaluo. Na kwa kuwa nilikuwa bibi arusi mgeni, sikuwa na jiko langu. Nilipika kwake.

"Bado haijakufa?" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake kila Ijumaa.

"Bado, mama."

"Mimi naomba kila siku hiyo mashine ikufe, nyathina. Ikufe kabisa, urudi nyumbani."

Nyathina ni mtoto wangu. Hakunificha kitu mama yule. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na mimi ndiye niliyemsomea somo la Sabato, kwa Kiswahili, polepole, akinisimamisha anapotaka kubishana na mtume. Mke wa shemeji yangu naye alijua kusoma, lakini mama alisema, mbele yake, kwamba huyo anasoma kama anafukuza kuku. Wiki nzima mama alikaa na kitabu kilichofungwa akiningoja. Nilimpenda sana, na kila alipoiombea kazi yangu kifo nilitaka kupiga kelele.

Ijumaa hiyo walikuja wageni wa kanisa. Kwa Waadventista kila kitu kiwe kimeiva kabla jua halijatua, maana Sabato ikiingia moto hauchochewi ovyo. Mke wa shemeji alitaka kusonga ugali wa mtama kwa wazee, mimi wa mahindi kwa wengine. Sufuria kubwa ilikuwa moja na mwiko mkubwa ulikuwa mmoja. Yeye akawahi sufuria, akateka maji, akaiweka mekoni. Mimi, kwa ujanja wangu, nikawahi mwiko ukutani.

"Leta mwiko," akasema.

"Leta sufuria."

"Maji yangu yanachemka!"

"Na yachemke!"

Tukasimama hivyo, yeye amekumbatia sufuria kwa macho, mimi nimeficha mwiko nyuma ya mgongo. Maji yakachemka, yakafurika, yakaanza kuuzima moto. Hapakuwa na ugali wa mtama wala wa mahindi, na jua linazidi kushuka. Mama mkwe akaingia akipapasa ukuta.

"Yawa! Nyinyi mnataka wageni wangu walale njaa? Kwa hii jikoni, sufuria ndiyo ya kwanza! Mtu ashike sufuria, halafu mwiko. Kama huna sufuria, mwiko usiguse! Simama kando, ngoja mwenzako amalize!"

Nikaganda. Kisha nikaanza kucheka, nikacheka mpaka mke wa shemeji akafikiri namdharau. Nikamtupia mwiko wake, nikakimbilia karatasi zangu.

Kwani mashine yangu ilikuwa na nini? Makufuli mawili. Moja la kufunga orodha ya njia, ili kazi mbili zisiandike humo kwa wakati mmoja zikaivuruga. Jingine la kufunga laini ya redio, kwa sababu ile ile. Kupitisha ujumbe kunahitaji yote mawili. Nikafunua karatasi sakafuni, kidole kikikimbia. Kazi ya kupokea: inafunga orodha kwanza, halafu inaomba laini. Kazi ya kutuma, ile aliyoichokora mzungu: inafunga laini kwanza, halafu inaomba orodha. Zikikutana asubuhi yenye ujumbe mwingi, moja imeshika sufuria na nyingine imeshika mwiko, zote zimelala zikingojana. Hakuna kosa la kuandikwa popote, kwa sababu kila moja inangoja kwa adabu!

Nikashika kalamu nirekebishe pale pale. Mama akanigusa bega.

"Jua limetua," akasema. "Weka hiyo karatasi."

Ee Mungu wangu. Dawa iko mkononi, na kesho yake nikaketi kanisani asubuhi hadi alasiri nikiimba, miguu ikicheza chini ya benchi. Nilimsomea somo lake haraka haraka, mpaka akaniuliza kama na mimi nimeanza kufukuza kuku.

Jumapili nilikuwa Homa Bay kabla ya watu kutoka ibadani. Nikahamisha mistari sita, basi: kazi ya kutuma nayo ianze na orodha, halafu laini, na asiye na orodha asiiguse laini. Mashine ikachukua alasiri nzima kukijenga kiini upya, nami nikakaa mbele yake nikila karanga. Jumatatu asubuhi niliwaambia Magunga kwa redio waandike, waandike chochote, hata salamu za shangazi. Wakaandika. Migori nao wakajibu kwa fujo. Ujumbe ukapishana pale kwetu, huu unaingia, ule unatoka. Jumanne hivyo, Jumatano hivyo. Ijumaa daktari mkuu akaja mlangoni tena, akatazama skrini, akasema, "Madam, tutakutafutia nyumba hapa hospitalini." Nilipiga kigelegele ofisini, wagonjwa wakageuka.

Jioni hiyo nilifika ukweni na furaha yangu.

"Bado haijakufa?" mama akauliza.

"Imepona, mama. Wamenipa na nyumba."

Akanishika mkono. "Nani ameiponya?"

"Ni wewe."

Nikamweleza yote, sufuria, mwiko, orodha, laini. Alielewa upesi kuliko daktari. Alipoelewa, akapiga paja lake kofi.

"Wuololo! Miezi yote hii naomba ikufe, halafu mdomo yangu mwenyewe ndiyo inaiponya!" Akacheka, nami nikacheka, na mke wa shemeji naye kule mekoni. Kisha mama akaacha kucheka. Akapapasa ukutani, akauangua ule mwiko mkubwa, akaufuta kwa leso yake, akaniwekea mapajani.

"Enda nayo kwa hiyo nyumba yako," akasema.

"Na sufuria, mama?"

"Sufuria inabaki hapa. Na sheria ya jikoni unaijua: kama huna sufuria, mwiko usiguse."

Nikachukua kitabu cha somo, nikatafuta ukurasa, nikaanza kumsomea polepole.