Foleni ya Wenye Mimba

Wakati wa Wabelgiji, siku moja ya juma dispensere yetu pale Kasongo ilikuwa ya wanawake wenye mimba tu. Mimi sikuwa nayo. Nilikuwa mchumba wa mtu, na harusi ilingoja mavuno ya mpunga. Hata hivyo mama alinishika mkono akaniingiza kwenye foleni yao, nami nikatamani ardhi inimeze.

Muganga, kijana mwenye koti jeupe, alinitazama tumbo. “Iko na mimba?”

“Hana,” mama akajibu.

“Basi arudie akiwa nayo.”

Mama hakusogea. “Muganga, kwenu munalimaka mupunga namna gani? Munamwaga mbegu kwanza, pori munakata nyuma yake?”

Wanawake wote waliangua kicheko. Mama hakucheka. Dada yangu mkubwa alikuwa amengoja mpaka apate mimba ndipo apimwe. Damu yake ilikuwa kidogo tangu usichana wake, na siku ya kuzaa ikaisha yote.

Muganga alinivuta kope la chini, akaangalia ndani, akaona damu ni kidogo. Kisha akanipa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu, akaniambia nirudi kila juma hadi siku ya harusi.

Niliolewa mashavu yamejaa. Mpaka leo, watu wakisema nilijifungua salama kwa bahati, nakasirika. Bahati gani? Mama alipanga foleni.