Waridi la Mafuta Nililolitupa

Nilipopanda mche wa waridi chotara, ule ambao maua yake hukamuliwa mafuta, nilitangazia mtaa mzima wa Jericho kwamba wenye viwanda vya manukato watapanga foleni mlangoni pangu. Jirani yangu, Bi Zuhura, nikamwahidi maua ya marashi ya harusi ya bintiye.

Mche ulitoa matawi mawili. La juu ya fundo, pale mche ulipounganishiwa na shina jingine, lilisinzia kama karani aliyeshiba ugali. La chini yake lilipaa kama linakimbizwa. Kwa elimu yangu ya masomo ya jioni, nikalikata lile goigoi, nikalitupa nje, nikalimwagilia lile shujaa mwaka mzima.

Wiki ya harusi Bi Zuhura akaja na kikapu. Akanusa ua moja, kisha jingine.

"Msomi, halinukii."

"Mafuta yako ndani kabisa, Bi Zuhura."

"Hili ni shina la mwitu, mwanangu. Waridi lenyewe ni lile lililounganishwa juu."

Akaniongoza hadi barazani kwake. Harufu ilinipokea kabla ya salamu. Ndani ya debe, goigoi langu lilikuwa limefurika maua.

"Nililiokota siku ile ile ulipolitupa, nikalipanda," akasema, akanikabidhi kikapu. "Haya, mkulima. Nisaidie kuchuma."