Pancha ya Kamanda

Madereva wa njia panda ya darajani walimwita Mama Pancha, na waliomjua walimkoma. Alikuwa akiziba matairi pale tangu ujana wake. Hakuwa mtu wa kubembeleza wala kutishwa na cheo, na aliyeleta ubishi alirudishiwa tairi lake vilevile, aondoke nalo.

Mahakama ya kimataifa ilimwita kwa jambo moja tu. Kamanda mmoja, aliyeshtakiwa kwa mauaji ya halaiki, alikana katakata kwamba alikuwa mjini siku watu walipofungiwa ghalani na kuchomwa moto. Mama Pancha alimwona. Aliziba tairi la gari la kamanda, mwenyewe akiwa amekaa ndani, mlango wazi, simu ya upepo mdomoni, akiamuru ghala litiwe moto.

Lakini mama huyu alikuwa na lake moyoni. Alfajiri ya siku hiyohiyo, askari wa kamanda walimpiga risasi mdogo wake kwenye foleni ya maji. Hilo halikuwemo kwenye kesi. Mwendesha mashtaka, binti mpole mwenye miwani, alimweleza kwamba mashtaka yalikuwa mengi mno, majaji wakaagiza yapunguzwe ili kesi isiburutwe miaka nenda rudi. Foleni ya maji ikakatwa.

"Kwa hiyo mdogo wangu amepunguzwa?"

"Si hivyo, mama. Ila ukimtaja, utetezi utapinga na majaji watakukatiza. Wewe anzia kwenye tairi."

Jioni alimpigia simu mama yake. Bi mkubwa hakuwa hata na salamu.

"Umeshamtaja mwanangu?"

"Bado, mama. Wamenikataza."

"Kwani nani kakuzaa, mimi au wao?"

Mama Pancha alicheka, kisha roho ikamuuma. Hakujua angerudi nyumbani na uso gani.

Kesho yake aliketi kwenye kiti cha shahidi, mgongo umenyooka. Alianzia kwenye tairi kama alivyoagizwa, akajibu alichoulizwa na hakuongeza neno. Binti wa miwani akashusha pumzi, akakaa. Ikawa zamu ya wakili wa kamanda, bwana mmoja nadhifu, anayejipenda waziwazi.

"Shahidi, umeziba matairi mangapi maishani?"

"Nani anahesabu?"

"Na magari ya jeshi je?"

"Yalikuwa hayaishi."

Wakili akatabasamu. "Basi umejuaje kwamba pancha hii uliiziba siku ya ghala, na si siku nyingine yoyote?"

Binti wa miwani aliinua kichwa ghafla. Swali ambalo yeye alikatazwa kuliuliza, mwenzake kaliuliza bila kushurutishwa na mtu.

"Kwa sababu siku hiyo sikufungua kazi," alisema Mama Pancha. "Nilikuwa nyumbani, nimempakata mdogo wangu. Askari wa huyo bwana wako walimpiga risasi alfajiri, kapanga foleni ya maji, ndoo mkononi. Wakaja kunitoa pale pale kwenye maiti, ati nikazibe pancha ya bosi. Nilishika tairi lake na damu ya mdogo wangu mikononi. Siku kama hiyo, wewe ungeichanganya na nyingine?"

"Waheshimiwa, hilo halimo kwenye mashtaka!"

"Umemuuliza amejuaje," alisema jaji kiongozi. "Anakujibu."

Kamanda, ambaye tangu asubuhi alikuwa akisinzia au akijifanya anasinzia, aliinama mbele na kumvuta wakili wake joho. Walinong'onezana. Wakili aliporudi kwenye kipaza sauti, tabasamu lilikuwa limemfutika.

"Sina swali zaidi."

"Mimi bado nina jibu," alisema Mama Pancha.

Jaji alimtazama wakili, kisha akamtazama yeye.

"Endelea, mama."

Akaanza na jina la mdogo wake, jina kamili, lake na la baba na la babu, polepole na kwa sauti, akimsubiri mwandishi wa mahakama amalize kuliandika.