Tola Aliyemjua Babu wa Bwana

Tola wa Suhodo alizika waume wawili, akazalisha ng'ombe wa kijiji kizima kwa mikono yake mwenyewe, na katika miaka yake sabini na minane hakuwahi kumwinamia mtu wa ukoo wa Bratojević bila kumsonya kwanza. Msonyo wenyewe aliumalizia mashavuni, maana ukoo ule ulikuwa na fimbo ndefu. Lakini alisonya.

Na nani angemlaumu? Wale watu walikuwa na jumba la mawe, walikuwa na tai wa vichwa viwili ameshonwa kwenye pazia, tena walikuwa na mwandishi aliyekula na kushiba kwao, akawaandikia kwamba asili yao ni Roma, kwa kaisari fulani ambaye hata jina lake liliwashinda kulitamka. Roma! Tola alimjua babu yao. Aliitwa Bratoje, na alikuwa mhasi nguruwe. Alipita nyumba hadi nyumba na kisu kidogo mkononi na uzi wa katani mdomoni, akihasi vitoto vya nguruwe na kuwachekesha wenye nyumba ili wasisikie kelele. Akimaliza hupewa kipande cha jibini, akaenda zake. Alikuwa mtu mwema aliyenuka. Aibu haikuwa yake hata kidogo. Aibu ilianza kwa mwanawe, Hranko.

Hranko aliondoka kijijini akiswaga nyumbu wa mizigo nyuma ya jeshi la mfalme, akarudi amepanda farasi. Mwenye farasi alikuwa amefia njiani, si kwa upanga, bali kwa tumbo la kuendesha, na Hranko aliyekuwa akimsafisha akalivaa joho lake kabla halijapoa. Mfalme alikuwa na shida ya watu, akampa vijiji vitatu. Ndivyo mabwana wanavyozaliwa. Tangu siku hiyo Hranko hakukanyaga tena mlangoni kwa baba yake. Hata mtakatifu wa nyumba yao walimbadili, jambo ambalo mwizi wa farasi hathubutu kulifanya, kwa kuwa mtakatifu hurithiwa kwa baba kama pua. Wakamwacha yule wa Bratoje, wakajitwalia mwingine wa fahari zaidi.

Sasa Bwana Vukota, mwana wa Hranko, alitaka kujenga kanisa ili achorwe ukutani amelishika mkononi kama mtu aliyebeba mkate. Kanisa linataka watawa, na watawa wanataka ardhi. Ardhi yake mwenyewe ilimuuma kuitoa, akaona heri atoe ya wenzake: malisho ya Suhodo, mahali kijiji kilipokata majani ya kulisha mifugo wakati wa theluji. Bila majani yale ng'ombe wasingeiona Pasaka, na watu wangejipeleka wenyewe jumbani kuwa watwana kwa ajili ya mkate wa shayiri.

Lakini hati ya ardhi haiandikwi hivi hivi. Lazima mzee wa kijiji aape, kisha aupite mpaka kwa miguu na bonge la udongo kichwani. Anayeapa uongo chini ya udongo, ardhi humkataa akifa na uzao wake hukauka. Desturi ilitaka mwanamume, ila wanaume wa umri ule waliobaki kijijini walikuwa wamekwisha kwenda na tauni. Alibaki Tola.

Msimamizi wa jumba, Pribac, alimfuata zizini na joho jipya la sufu begani.

"Bibi, u mzima?"

"Nilikuwa mzima mpaka ulipoingia. Sema upesi, ng'ombe huyu hapendi wageni."

"Kesho unapita mpaka mbele ya mtawa wa askofu. Shika njia ya bondeni, malisho yote yabaki upande wetu. Na joho hili ni lako."

"Upande wenu kwa haki gani?"

"Urithi, bibi. Malisho ni ya babu yake Bwana."

Tola akaacha kukamua. "Ya babu yake? Bwana mwenyewe kasema hivyo?"

"Kasema, na kesho atasema tena."

"Basi nami nitaapa hivyo hivyo. Joho rudi nalo. Mimi sivai nguo za watu. Kuvaa nguo za watu ni kazi ya huko jumbani."

Pribac akaenda zake anapiga mluzi. Hakuwa na akili nyingi, lakini pale jumbani alihesabiwa mwerevu.

Asubuhi kijiji chote kilisimama malishoni. Bwana Vukota alikuja juu ya farasi. Baba yake, Mzee Hranko, alikalishwa kwenye kigoda, kofia ya hariri kichwani, macho yanamtiririka. Mtawa akakunjua ngozi yake ya kuandikia. Bwana akatangaza kwa sauti kubwa kwamba malisho ni urithi wa babu yake. Jirani mmoja, Stana, akamshika Tola mkono.

"Tola, nina watoto wanne. Usituuze."

"Niachie mkono, udongo utaanguka."

Akajitwika bonge kichwani, akaapa. "Kwa udongo huu, Bratoje alikata majani hapa. Nilimwona kwa macho yangu."

Vukota akatabasamu. "Baba mtawa, umesikia."

"Ngoja, sijamaliza," akasema Tola. "Bratoje mhasi nguruwe. Alikuwa na fungu moja tu la malisho haya, kama baba yangu, na kama sisi sote alimlimia mwenye nchi siku mbili kila juma. Kama huyo ndiye babu yako, Bwana, basi karibu nyumbani! Chukua fungu lake, na Jumatatu uje na jembe. Kama siye, huna hapa hata jani la kuchokolea meno."

Watu wakacheka mpaka farasi akarudi nyuma. Mtawa hakucheka. Alichovya kalamu, akangoja.

"Bwana, niandike vipi? Huyo ndiye babu yako?"

Uso wa Vukota uliiva. Hakumtazama baba yake. "Ukoo wetu ni wa kaisari. Huyo mhasi nguruwe simjui, na kwetu hajawahi kuwapo mtu wa namna hiyo."

"Basi malisho si yenu. Pita mpaka, bibi."

Tola akaupita mpaka wote ule wa zamani, kijiji nyuma yake kikiimba. Nyuma ya wote ilifuata hatua nyingine, nzito, ya buti za gharama. Mpaka uliishia nyuma ya makaburi. Alipoutua udongo na kugeuka, mbele yake alisimama Mzee Hranko, anahema, kofia mkononi. Miaka sitini Tola alikuwa amemwekea tusi mtu huyu.

"Tola," akasema mzee, "nasikia wewe ndiye uliyemzika. Baba amelala wapi?"

Ukoo uliokuwa ukijenga kanisa zima ulikuwa haujamwekea hata jiwe. Palikuwa na nyasi tu. Tola akazitazama zile buti nyekundu.

"Umemkanyaga," akamwambia, na hakungoja kuona kama ataondoa mguu.