Msamaria wa Mgongoni

Nimepasuliwa tumbo mara mbili. Mara ya kwanza ni kazi ya Mungu na nyonga zangu. Mara ya pili ni kazi ya nesi wa zahanati na mwenyekiti wa kitongoji. Nasema wazi, na wakitaka wakanishtaki.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Polio ilichukua miguu yangu nikiwa mdogo, na shule niliishia darasa la tatu kwa sababu ilikuwa mbali. Lakini mume nilipata, mchimbaji wa maduara, yale mashimo ya dhahabu ya upande wa Bulyanhulu, mwanamume mzima na vumbi lake. Nikashika mimba. Zahanati walitaka kila mjamzito aje na mume, wapimwe pamoja, wakae kwenye somo. Tukaenda. Alinishusha kwenye pikipiki akanibeba mgongoni, magongo yangu kayashika mkononi.

Foleni nzima ikamsifu.

"Kijana una roho nzuri wewe," mama mmoja akamwambia. "Umeoa?"

"Nimemuoa huyu."

Wakacheka mpaka vichanga kwenye mizani vikaanza kulia.

Nesi hakucheka. "Kaka, asante kwa kumleta, subiri nje. Dada, nani kakufanyia hivi?"

"Huyo unayemfukuza."

"Usimsingizie mtu aliyekusaidia. Asiye na mume alete barua ya mwenyekiti."

Mwenyekiti tulimkuta anakula michembe, vile viazi vitamu vikavu, na maharage. Tukamwamkia, tukamweleza wote wawili. "Pole sana, mayu, pole mama," akasema, akanawa mikono, akaandika, akagonga muhuri. Mume wangu akaisoma njiani kwa sauti: "Mtajwa ni mlemavu, ni mjamzito, hana mume. Aliyemleta ni msamaria mwema."

"Turudi abadilishe," nikamwambia.

"Na jua hili? Si muhuri upo?"

Hapo na yeye nina neno naye.

Kwa barua ile nesi alinipokea kama malkia. Nikapimwa kila kitu. Saa ya somo la uzazi wa mpango ilipofika, akanionyesha benchi la nje.

"Na mimi nisikie, nesi. Nataka kujua huyu wa pili tunamchelewesha vipi."

"Lile la wenye waume, dada. Wewe ilikuwa bahati mbaya. Haiwezi kurudi."

Akafunga mlango, na dirisha pia. Mume wangu, kwa kuwa siku hiyo hakuwa mume wa mtu, naye akakaa benchini. Akanimenyea chungwa.

Ikarudi. Mtoto hajatimiza miezi saba, mshono wa kupasuliwa bado unaniwasha. Nikaingia zahanati mgongoni mwa yule yule, mtoto kamfunga kifuani, magongo mkononi.

Nesi akashika kiuno. "Yesu wangu! Nani tena?"

Nikamgonga mume wangu kisogoni kwa kidole. "Msamaria mwema."

Akamtazama. Akamtazama mtoto, wamefanana mpaka masikio. Akavuta daftari.

"Barua ya mwenyekiti mmekuja nayo?"