Nilimtembeza mke wangu Ulaya siku sita nikijua mama yake amefariki

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlioko nyumbani na mlioko huku kwenye baridi.

Huwa nasoma tu humu, sichangii. Leo naandika jambo langu mwenyewe, na sijaongeza chumvi. Shule yangu iliishia darasa la saba na naandika polepole, hii imenichukua siku tatu. Mnivumilie.

Naishi Alby, kusini mwa Stockholm. Nafanya usafi kwenye mabehewa ya treni. Mke wangu nitamwita Espe, yeye anahudumia wazee majumbani. Sote ni Warundi tuliokulia Kigoma.

Tulipooana hatukupata fungate, kazi zilitubana. Espe akasema tusubiri likizo zetu zikutane, tupande treni, tuione hiyo Ulaya tunayoambiwa tunaishi. Copenhagen, Hamburg, Amsterdam, Paris, halafu ndege ya kurudi Stockholm.

Mama yake, aliyekuwa Kigoma, alifurahi kuliko sisi. Alisema, "Nipigieni picha kila mahali, nitembee na nyinyi."

Kwa hiyo kila tulipofika, Espe aliweka picha kwenye status.

Jumatano asubuhi, siku ya pili, tuko hotelini Copenhagen. Espe yuko bafuni. Simu yangu ikaita. Alikuwa mjomba wake anayekaa Fittja, jirani na kwetu Alby, ndiye mkubwa wa familia kwa huku na ndiye tuliyemwachia ufunguo wa nyumba.

"Mkwe, uko naye hapo?"

"Anaoga, mjomba."

"Basi sikiliza tu. Mama yenu ametutoka alfajiri. Presha. Usimwambie."

Nikakaa kitandani.

"Akiuliza, sema network mbaya. Mzungushe, mle, mpige picha. Ukimrudisha atatukuta hapo kwenu tumeshakusanyika. Unakumbuka baba yake alipofariki? Aliambiwa kwa simu yuko kazini, akaanguka kwenye ngazi. Akianguka huko ugenini utamshika wewe peke yako?"

"Sawa, mjomba."

Hiyo "sawa" ndiyo inayonifanya niandike uzi huu.

Desturi mnaijua. Mtu akiwa njiani haambiwi msiba mpaka afike, akae, ashikwe mikono. Na mimi ni mtu wa aibu, sijawahi kumkatalia mkubwa wangu tangu nizaliwe.

Siku hiyo hiyo wakafungua grupu la msiba. Mimi niliwekwa, Espe hakuwekwa. Nikawa nalisoma chooni. Humo nikaona mazishi ni Jumamosi, wanamsubiri mtoto wa kwanza atoke Lubumbashi.

Jumamosi, wakuu. Nikatafuta ndege kwenye simu. Ilikuwepo ya jioni ile ile. Angefika Dar Alhamisi, Kigoma Ijumaa. Angemzika mama yake.

Niliiangalia ile ndege mpaka kioo cha simu kikazima chenyewe. Nikatoka chooni, tukaenda kuangalia bandari.

Alhamisi tuko Hamburg. Espe akaingia duka la viatu, akaona slipa laini zenye manyoya ndani. Mama yake alikuwa anavimba miguu.

"Sheri wangu, vua kiatu. Mama ana mguu wa kiume kama wako. Jaribu nione."

Nikavaa.

"Sasa tembea. Ee, mbona unatembea kama askari? Tembea kama mama!"

Nikatembea katikati ya duka. Nikayumba kidogo kama alivyokuwa anayumba mama. Espe alicheka mpaka akashika rafu asianguke. Muuzaji naye akacheka, hata lugha yetu haijui.

Nilidhani nitasema pale pale. Nikazivua, Espe akaenda kuzilipia.

Ijumaa, Amsterdam. Akapiga nyumbani, akapokea mdogo wake. "Dada, mama amelala. Kesho." Espe akakata simu akaniangalia.

"Siku tatu analala tu?"

"Wazee si wanalala," nikasema.

"Mimi nakaa na wazee kila siku. Hawalali hivyo."

Nikamwambia labda ni joto la Kigoma. Akaweka simu mkobani. Nadhani alitaka kuniamini, tulikuwa kwenye safari yetu.

Jumamosi tulipanda boti ya watalii, ile inayopita kwenye mifereji. Saa nane mchana. Kigoma ilikuwa saa tisa, muda wa kumshusha mama kaburini. Nilijua kwa sababu grupu lilikuwa linatetemeka mfukoni.

Espe akasimama mbele, akanyoosha mikono kama ndege. "Piga! Na wewe cheka basi, unanuna kama umekamatwa kwenye treni bila tiketi."

Nikapiga. Ni picha nzuri kuliko zote tulizowahi kupiga. Akaiweka status hapo hapo.

Baada ya muda mfupi picha ile ikatokea kwenye grupu la msiba. Shangazi mmoja ameandika chini yake: "Mtoto wa marehemu huyo, anakula raha."

Hakuna aliyemjibu. Hata mimi sikumjibu, mimi niliyeipiga.

Paris sina cha kuwaambia. Mnara upo, ni mrefu, tulisimama chini yake.

Jumanne tukarudi. Kwenye tunnelbana, treni ya chini ya ardhi, kwenda Alby Espe alizipakata zile slipa, hakutaka zibonyezwe kwenye sanduku. Akasema atampa mchungaji anayesafiri mwezi ujao.

Lifti ikafunguka ghorofa ya tatu. Mlangoni kwetu, hadi nje kwenye korido, viatu. Vya wanaume, vya wanawake, vya watoto. Na ndani kimya.

Espe akasimama. Mjomba na kina mama wa kanisani wakatoka kumpokea, hakuwatazama. Aligeuka, akanitazama mimi.

"Tangu lini?"

"Copenhagen."

Hakuanguka, wakuu. Watu wote wale walikuja kumshika, na hakuanguka. Alivua viatu vyake, akavipanga pembeni ya vile vingine, akaingia.

Ni miezi minne sasa. Tunaongea mambo ya chakula na nguo za kufua. Kigoma bado wanamsema yule binti aliyekuwa anapunga mikono kwenye boti mama yake akifukiwa. Kila akieleza kwamba hakujua, wanaitikia tu, hawamwamini.

Siku moja nilimuuliza kama amemsamehe mjomba. Akasema, "Mjomba hakuwa ananiona. Wewe ulizivaa zile slipa ukatembea, na unanitazama nacheka."

Nilichojifunza ni hiki. Zamani msafiri alikuwa hajui, na huko alikokwenda hakuna aliyemwona. Sasa hivi hajui, lakini ukoo mzima unamwona kwenye simu. Desturi ya wazee sitaitukana, ina huruma ndani yake. Ila mimi niliitumia kuficha woga wangu. Nilikuwa najilinda mimi, nisiwe mtu wa kumpa habari.

Mwenye kuniponda aniponde. Aliyewahi kufichwa msiba aandike alijisikiaje, hasa kina dada.

Espe anajua naandika. Ameomba nimsomee majibu yote. Anataka kusikia kama kutakuwa na hata mmoja atakayesema nilifanya sawa.