Insha ya Mvua ya Mawe

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nimevaa viatu vya kuazima, na Mwalimu Mkuu akaniambia nivivue. Alisema watoto watashinda wakitazama miguu yangu badala ya ubao. Basi nikavificha nyuma ya kabati, nikaanza ualimu pekupeku kama wanafunzi wangu. Nawaambia haya ninyi wajukuu mnaolalamika kwamba shule yenu haina kompyuta. Lalamikeni tu, lakini kwa adabu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, katika shule ya shamba moja la chai la Wazungu upande wa Chepseon. Nilikuwa msichana mwenye cheti cha T3, maana yake mtu aliyemaliza darasa la nane akasomea ualimu, akaruhusiwa kufundisha wadogo. Wazazi wa watoto wale walikuwa wachuma majani, wanakaa laini, zile safu za vyumba vya kampuni vinavyofanana kama meno. Wenzangu wote shuleni walikuwa wanaume. Walinipa Kiingereza kwa sababu hakuna aliyekitaka.

Kiingereza siku hizo tulikifundisha kwa kuimba. Mwalimu anasoma mstari, darasa linaurudia, mpaka mtoto anasoma ukurasa mzima huku macho yake yako kwa mbuzi nje ya dirisha. Kisha imla: mimi nasoma polepole, wao wanaandika juu ya vibao vya mawe, tunasahihisha, wanafuta kwa mate. Ndiyo, kwa mate. Kazi ya asubuhi nzima ilikwisha hivyo, na kesho tunaanza upya.

Baadaye nilihamishwa Fort Ternan, shule iliyo karibu na reli. Gari la moshi likipita tulinyamaza wote, hata mimi, kwa sababu hakuna aliyeweza kushindana nalo. Mwalimu Mkuu wa pale alikuwa mzee mkali, mfupi, hapendi mzaha. Yeye ndiye aliyenifundisha ufahamu, yaani kumpa mtoto habari aisome kimya halafu umuulize maswali. Alisimama nyuma ya darasa langu siku moja, akasikiliza watoto wakiimba kitabu chao, akaniita nje.

"Mwalimu," akasema, "hawa unawafundisha kufaulu. Kusoma utawafundisha lini?"

Nilikasirika wiki nzima. Lakini nilibadilika. Nikaanza kuuliza watoto mambo ambayo hayamo kitabuni, wakashtuka, halafu mmoja mmoja wakaanza kujibu. Huo ndio wakati pekee katika kazi yangu ambao naukumbuka bila uchungu.

Kituo cha tatu kilikuwa Kimulot, shule ya kati ya bweni, darasa la tano mpaka la nane, karibu na msitu wa Mau. Baridi yake ilikuwa inaingia mpaka kwenye wino. Hapo nikapewa darasa la nane, darasa la mtihani. Ninyi hamjui mtihani ule ulikuwa nini. Ulifanywa mara moja, mwisho wa mwaka, na ukishindwa, basi. Shule za sekondari za Waafrika zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, na za wasichana ndiyo usiseme. Na Kiingereza kilikuwa kisu. Mtoto angeweza kuwa simba wa hesabu, lakini Kiingereza kikimkataa anarudi nyumbani.

Karatasi ya Kiingereza ilikuwa na sehemu tatu. Ufahamu nimeshausema. Ya pili ni muhtasari, yaani kuifupisha habari ndefu bila kuiua. Ya tatu, iliyokuwa na alama nyingi, ni insha: unapewa kichwa, unaandika mwenyewe kurasa mbili.

Katika darasa lile alikuwako msichana aitwaye Chelangat. Mama yake alikuwa mjane, mchuma majani, na alikuwa amemweka shuleni dhidi ya maneno ya shemeji zake wote. Chelangat alikuwa mrefu, mpole, hacheki haraka. Aliandika Kiingereza ambacho mimi mwenyewe nilikionea wivu. Shule moja ya sekondari ya wasichana ilikuwa imetuahidi nafasi, moja tu, kwa msichana wetu atakayefaulu. Hakuna aliyekuwa na shaka nafasi hiyo ni ya nani. Mama yake alinijia siku ya kutembelea bweni, akanishika mikono yote miwili, akaniambia kwa Kikipsigis kwamba ameshachuma vya kutosha kwa watu wawili, mtoto asije kuchuma. Nikamwambia hatachuma. Nilisema hivyo kwa kinywa changu.

Mwanzoni mwa mwaka akaja Msimamizi wa Shule, Mzungu wa misheni, mwembamba, kwa pikipiki iliyojaa tope. Alituletea kitabu cha insha za mfano. Ndani yake mlikuwa na siku ya kwenda pwani ya kwao kuogelea, na theluji, na mzee anayekaa mbele ya moto akimsomea paka. Akanipa kwa heshima kubwa.

"Mwalimu," akasema kwa Kiswahili chake, "hii watoto nataka shika hii maneno yote kwa kichwa. Yote. Mtihani iko karibu."

Ndivyo shule zote zilivyofanya, na watoto wetu walifanya. Wakakariri theluji. Ilikuwa inaniuma kuwasikia wakisema kwamba walitetemeka kwa raha wakati baba zao walipokuwa wakiwasha mti wa Krismasi. Kiptoo, mvulana mmoja aliyekuwa wa mwisho kila mtihani, aliniuliza theluji inaliwa na nini. Darasa likacheka, na mimi nikafungua ukurasa mwingine.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mambo yote yalipoanzia. Kwetu Kipsigis kuna kokwet. Ni majirani wa mahali pamoja, wenye kikao chao na kazi zao. Mgonjwa akishindwa kupalilia wimbi lake, kokwet inakwenda. Wanajipanga mstari, jembe kwa jembe, na jua likitua shamba limekwisha. Hakuna anayesema mstari ule ni wangu. Ukisema hivyo, watu watakutazama kama mtu aliyetema mate ndani ya chungu.

Wanafunzi wetu walipalilia shamba la shule kila alasiri. Siku moja nikawasikia wakifanya Kiingereza huko huko, jembe mkononi. Chelangat alikuwa ameanza. Alisema sentensi, aliyekuwa mstari wa pili akaongeza yake, wa tatu akaibishia, wakairekebisha wote, wakaendelea. Hawakuwa na karatasi, kwa hiyo kila kilichokubaliwa kilishikwa kichwani na wote. Hawakuwa wakiandika theluji. Walikuwa wakiandika mvua ya mawe.

Aliyekaa nchi ya chai anaijua mvua ile. Inakuja mchana na kelele kama mtu anamwaga kokoto juu ya mabati, na ikiondoka majani yote yamechanika, na wachuma wanarudishwa laini mikono mitupu. Waliisema yote. Nyapara anayekimbia na kofia ya ndoo. Mwanamke anayefunika kikapu chake kabla ya kufunika mtoto, halafu anaona haya. Sentensi ya mwisho iliwashinda siku nyingi. Chelangat alijaribu, wakaikataa. Akajaribu tena, mwenyewe akaikataa. Mpaka siku moja Kiptoo, yule wa mwisho, akasimama akaegemea jembe, akasema kwa Kiingereza chake kibovu kwamba baada ya mvua kilima kizima kilinuka chai, na hakuna aliyepewa kikombe.

Nilikuwa kando ya ua, nikalia. Sijui mtu mwingine analilia nini, mimi nililia kwa hilo.

Sikuwakataza. Ningewakataza kwa nini? Kukariri ndiko tulikoambiwa, na wao walikariri. Nilisahihisha vitenzi vyao tu, nikawaacha. Mwalimu Mkuu wetu, mtu mwema mwenye hofu nyingi, aliniuliza kama Msimamizi anajua. Nikamjibu kwamba Msimamizi hajawahi kushika jembe.

Siku ya mtihani tulikaa nje sisi walimu. Watoto walipotoka walikuwa wakicheka na kushikana mabega. Kichwa cha insha kilikuwa kuhusu siku ya hali mbaya ya hewa. Jamani! Nilimkumbatia Chelangat mbele ya wanaume. Kiptoo alisema ameandika mpaka mwisho kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Matokeo ya shule nyingine yakatoka. Yetu hayakutoka. Badala yake akaja Bwana Afisa Elimu mwenyewe, kwa gari, amebeba karatasi zetu kwenye mkoba. Watoto waliitwa kutoka makwao, wakaketi katika chumba cha darasa la nane, wakubwa nyuma, wadogo mbele. Alikuwa Mzungu mzee, mwenye sauti ya upole, na upole huo ndio ulioniogopesha. Alisema Kiingereza na Mwalimu Mkuu akatafsiri, ingawa watoto wote walikuwa wanaelewa.

Alisema insha hizi ni moja, neno kwa neno. Alisema ni insha nzuri, hajasoma nzuri kama hiyo kutoka wilaya hii. Kwa hiyo yuko mtu mmoja aliyeiandika, na wengine wote ni wezi. Hakutaka kuwafunga watu, alimtaka mwenye insha tu. "Aliyeiandika asimame," akasema, "na mimi mwenyewe nitamwandikia shule ya sekondari leo hii. Wengine karatasi zao zitafutwa."

Watoto hawakugeuza vichwa, lakini niliona mabega yao yakielekea upande wa Chelangat. Kiptoo alikuwa nyuma yake. Nilimsikia akimnong'oneza kwa Kikipsigis: "Sema ni yako. Sema tu." Na wengine wakaitikia kwa koo, hivyo, bila kufungua midomo. Walikuwa wanampa. Wote.

Chelangat akasimama. Moyo wangu ukasema asante Mungu. Nikamwona mama yake mbele ya macho yangu.

"Ni yetu, bwana," akasema.

Afisa akamwuliza tena, taratibu, kana kwamba msichana hakuelewa swali. Ni nani aliyeiandika? Akajibu lile lile. Akaulizwa kama anajua anachopoteza, akasema anajua. Akaketi. Hapo nikasahau kwamba mimi ni mwanamke, na ni T3. Nikasema ampe Chelangat karatasi na kichwa kingine, aandike sasa hivi mbele yake, ataona. Akanijibu kwamba mtihani haurudiwi. Nikamuuliza mwaka uliopita shule ngapi ziliandika siku ya pwani kutoka kitabu cha Msimamizi, neno kwa neno, na hakuna aliyeitwa mwizi. Kukariri ya Mwingereza ni elimu, kukariri yako mwenyewe ni wizi, ndivyo? Mwalimu Mkuu hakuitafsiri. Haikuhitaji kutafsiriwa.

Karatasi zote zilifutwa. Nafasi ile ilikwenda shule nyingine. Mwezi haukuisha, Chelangat alikuwa na kikapu mgongoni, safu moja na mama yake, na mimi nilihamishwa, nikarudishwa kufundisha wadogo. Nilipita barabarani nikawaona. Mama yake hakuniamkia. Nilistahili kusalimiwa na nani?

Nilifundisha miaka mingi baada ya hapo, shule nyingi, uhuru ukaja, wakubwa wakabadilika rangi, mtihani ukabadilishwa jina. Siwezi kuwaambia kwamba nilipenda. Nilikuwa mwalimu mzuri wa mtihani, wanasema. Watoto wangu walifaulu sana. Jambo la kwanza nililowafundisha, kabla ya herufi kubwa na nukta, lilikuwa kuzungushia karatasi kiwiko ili jirani asione. Watoto wetu hawakujua kufanya hivyo. Ilinichukua muda kuwazoesha, wakazoea, na sasa ni watu wazima na wanazungushia kiwiko kila kitu. Tazameni mashamba yenu yalivyo na seng'enge. Mnaniuliza kokwet ilienda wapi.

Nilipostaafu nilipanda chai yangu kidogo hapa Kimulot. Vidole vikaja vikakataa, na majani yakaanza kukomaa yakiwa mtini. Msimu uliopita wakaja wazee wachache, wale waliobaki wa kokwet yetu, wakajipanga bila kuitwa wakaanza kuchuma. Chelangat alikuwa mmoja wao. Nywele zetu zimelingana weupe sasa. Miaka hii yote tulikuwa tukisalimiana kanisani na kupeana pole za misiba, lakini neno la siku ile hatukuligusa hata mara moja. Nikamfuata safu yake nikamuuliza kama huwa anaijutia siku ile.

Hakuacha kuchuma.

"Kila siku, Mwalimu," akasema. "Kila nikivaa kikapu."

Nikageuka niondoke. Nilidhani amemaliza.

"Na wakiniuliza tena nitasema vile vile. Sentensi ile ya mwisho ilikuwa ya Kiptoo. Mimi ilinishinda."

Akatupa konzi ya majani kikapuni, akahamia mti mwingine, na mimi nikabaki nimesimama katikati ya chai yangu.